Kicheko cha Wifi Lasmini

Ukipita mbele ya nyumba ya mtu kijijini kwetu saa za chakula, lazima akukaribishe. "Karibu, pita ule kidogo." Na wewe lazima ukatae. "Ahsante, ndiyo kwanza nimetoka kula," hata kama tumbo linanguruma mpaka yeye mwenyewe analisikia. Atakukaribisha tena, utakataa tena, mtacheka, utakwenda zako. Mtoto wa Kijava hujua hayo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mwenyeji akitaka kweli uingie, atatoka nje akushike mkono, na hapo ndipo unaingia, tena kwa kujivuta.

Wifi yangu Lasmini, alipokuwa msichana mdogo, alikaribishwa na mke wa mkuu wa kijiji. Akavua ndala, akaingia, akaketi mkekani, akala. Kwenye sinia palikuwa na kambare wa kukaanga, mmoja kwa kila mtu wa nyumba, naye akamla wa mkuu wa kijiji mpaka kichwa. Alipomaliza alishukuru vizuri, akasema pilipili ilizidi chumvi. Kesho yake akapita tena, akakaribishwa tena kwa mazoea, akaingia tena. Mimi nimeolewa na kaka yake siku hizo zimeshapita, lakini kisa cha kambare nilihadithiwa hata kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Mama yao, yaani mama mkwe wangu, ni Mbah Karto. Mbah ndiyo bibi kwetu, na siku hizi hata sisi wakwe tunamwita hivyo. Ni mjane aliyenyooka mgongo, na kwake aibu ni mbaya kuliko homa. Kwa kisa cha kambare hakumpiga mtoto. Alimkalisha mbele ya Yanti, binti wa dada yake, mtoto aliyependwa na kila mtu, mwenye ulimi wa asali na mwepesi wa kubusu mikono ya wakubwa. "Mtazame Yanti," akamwambia. "Akikaa, kaa. Akicheka, cheka. Akikataa, kataa." Na Lasmini akamhifadhi Yanti kama wengine wanavyohifadhi Yasini.

Kwa hiyo mimi nilipomkuta, mtu mzima, sikuona kitu. Niliona mwanamke ambaye kwenye harusi hukimbilia nyuma ya nyumba kuosha sahani wakati wenzake wamejazana jikoni wakisengenya, nikasema ni mchapakazi. Baada ya kila harusi alijifungia chumbani na kitambaa cha maji machoni, na mumewe Giyanto akawaambia waliokuja kumuulizia kwamba kichwa kinamuuma. Giyanto ni fundi baiskeli anayeweza kutoka alfajiri mpaka adhuhuri kwa maneno mawili, basi akisema manne watu humwamini. Lasmini mwenyewe hutengeneza tempe: anachemsha soya, anatia hamira yake, anaifunga kwenye majani, na baada ya siku chache inashikana kuwa mkate mweupe. Majani huyachagua kwa vidole. Ukimchanganyia jani lenye unyevu kwenye rundo, utafukuzwa hata ukiwa mke wa kaka yake. Tukasema kila mtu na wazimu wake, tukala tempe, tena nzuri.

Kisha akazaliwa Kinasih.

Kinasih alichelewa kucheka na watu lakini hakuchelewa kusema. Alipoanza, alisema vyura. Nyuma ya nyumba yao kuna mashamba ya mpunga, na mvua ikinyesha vyura huimba mpaka huwezi kusikia adhana. Mtoto huyu aliwajua kwa sauti, mmoja mmoja, na alikueleza yupi anaita mke na yupi anagombea mahali, ukimuuliza na usipomuuliza. Nguo yenye lebo shingoni alilia mpaka ikatwe. Ukimbusu alijifuta. Watu wakaanza kusema amedekezwa, na wanaosema sana walikuwa wale wale waliomchekea mama yake kwa kambare.

Yote hayo yalivumilika mpaka Idi ya mwaka juzi.

Siku ya Idi ukoo wetu wote hukusanyika kwa Mbah kufanya sungkem. Mkubwa hukaa kitini, wadogo wanajipanga kwa umri, na kila mmoja husogea kwa magoti mpaka miguuni pake, humshika mikono, huinamisha uso magotini pake na kumwomba msamaha wa makosa yote, ya wazi na ya moyoni. Naye hukupapasa kichwa akakusamehe. Watu wazima hulia hapo. Mimi hulia kila mwaka, hata mwaka ambao sikumkosea. Mbah huweka mto mapajani, mto wa sufi wenye foronya ya batiki, na sisi tukisema mama mkwe ana huruma, hataki paji la uso la mtu ligonge mfupa.

Zamu ya Kinasih ilipofika, alisimama. "Nimekosa nini?" akauliza. Si kwa jeuri. Aliuliza kama unavyouliza duka liko wapi. Watu wakacheka kidogo. Mume wangu Wardi ni mwanamume mwema lakini ana haraka. Alimshika mtoto kisogo akamwinamisha. Kinasih akapiga ukelele ambao sijausikia kwa binadamu, akamng'ata mjomba wake mkono, akakimbia, akaingia uvunguni mwa gari la jirani. Alikaa huko mpaka wageni wote walipoondoka.

Mbah alinyoosha foronya ya mto wake. Akasema mbele ya ukoo mzima, polepole: "Idi ijayo, mtoto asiyeweza kuniomba radhi asinikanyagie kizingiti. Na aliyemzaa pia."

Kwetu neno la mkubwa lililosemwa siku ya Idi si neno la kufuta kesho yake. Lasmini alikuwa na mwaka mmoja wa kumfundisha mtoto kupiga magoti, au apoteze nyumba ya mama yake. Yanti, ambaye sasa ni mama mtu mzima na bado anapendwa na kila mtu, alipita na jagi la sharubati akammiminia Lasmini, akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Ndiyo hivyo, dada. Mwana hutazama kisogo cha nina." Lasmini akacheka. Mimi ningemmwagia hiyo sharubati.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu wa darasa la Kinasih, ambaye ana mpwa mwenye usonji. Alimwita Lasmini, akanikuta na mimi nimefuatana naye, akasema, "Mama Kinasih, mtoto wako hanisumbui hata kidogo. Siku nzima anamtazama binti wa Bi Yanti na kufanya anachofanya. Lakini akifika nyumbani analia, sivyo?"

"Analia," Lasmini akasema. "Anaingia chini ya kitanda."

"Mpelekeni mjini akaonwe na mwanasaikolojia."

Giyanto hakutaka. "Watu watasema," akatamka.

"Shemeji, watu wanasema hata tukinyamaza," nikamwambia. "Mficha uchi hazai. Baki na soya, mimi nitakwenda naye."

Mwanasaikolojia aliitwa Bi Retno. Nilimpenda kwa jambo moja: Kinasih alipomwambia feni yake inalia vibaya, aliizima, akakaa anatoka jasho kama sisi. Alizungumza na mtoto kwa safari kadhaa, zaidi habari za vyura, akampa picha na michezo, akatuuliza maswali mpaka ya mimba. Siku ya mwisho akatuita sisi watu wazima.

"Zamani hali hii tuliiita Asperger," akasema. "Siku hizi wengi tunaihesabu ndani ya usonji. Lugha anayo, akili anayo. Asichokuwa nacho ni kile ambacho sisi wengine tunakipata bure, kujua mtu anataka nini wakati mdomo wake unasema kingine. Na kelele, harufu, kuguswa, vinamwingia bila kubisha hodi."

"Basi hakudekezwa," nikasema, maana nilitaka kulipeleka neno hilo kijijini.

"Hakudekezwa, hakulogwa, wala si homa ya kupona. Ndivyo alivyo. Tunachoweza ni kumfundisha taratibu, na kuwafundisha walio karibu naye. Shida ni kwamba wasichana hatuwapati mapema. Mvulana akizidiwa anavunja kiti, shule nzima inajua. Msichana akizidiwa anamwiga mwenzake, anaitwa mpole, halafu anakuja kuvunjikia nyumbani."

Sasa Lasmini akauliza, "Mtu kama huyo akikaribishwa chakula njiani, anaingia?"

Bi Retno akatabasamu. "Anaingia. Amekaribishwa, kwa nini asiingie?"

"Na akikua?"

"Akikua anakuwa mtu mzima mwenye hali ile ile. Haiishi, mama. Anazidi tu kujua kuificha, na kuificha kunachosha."

"Kunachosha sana," Lasmini akasema.

Bi Retno akamtazama, akaiweka kalamu chini. Alimwambia kwamba mambo haya mara nyingi hufuata damu, na akitaka aje siku nyingine kwa ajili yake mwenyewe. Baadaye alikwenda kweli, na jibu likawa lile lile. Lakini mimi jibu nililipata siku hiyo hiyo, mchana, tulipoketi kwenye kibanda cha supu ya kuku karibu na soko. Kinasih alikuwa anatoa vitunguu kwenye bakuli lake na kuvipanga ukingoni.

"Wifi," Lasmini akaniambia, "unakijua kicheko changu?"

"Nakijua."

"Si changu. Ni cha Yanti."

Nikataka kumwambia asiseme upuuzi, halafu kikanijia masikioni. Kinaanzia juu, kinashuka kwa ngazi, na mkono unafunika mdomo. Cha Yanti kabisa, na nimeishi na hao wawili nyumba kwa nyumba bila kukigundua. "Na chako kikoje?" nikamuuliza. Akafikiri mpaka supu ikapoa. "Sijui," akasema. Niliinamia bakuli langu nikalia, mwenye kibanda akadhani pilipili imenizidi.

Utadhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mfungo ulipokaribia, hofu ilimshika Lasmini akaanza kumfanyisha mtoto mazoezi. Aliketi mwenyewe kitini, mto mapajani, Kinasih anasogea kwa magoti. Ikifika mahali pa kuinamisha uso, mtoto anarudi nyuma. Jioni moja nilikuwa napita na kapu la nguo nikamsikia wifi yangu akisema, "Mtazame binti wa Yanti. Anavyofanya yeye, fanya." Nilichungulia. Alikuwa ameutupa mto mbali, amekaa chini sakafuni, mbali kidogo na mtoto, na mtoto anamuuliza, "Mama, umesikia chura?"

"Hatutafanya mazoezi tena," Lasmini akaniambia kesho yake.

"Na Mbah?"

"Mbah ni mama yangu. Sitaki kumkosa." Alikuwa anafunga tempe, na majani yalikuwa yanamchanikia mkononi, jambo ambalo halimtokei. "Lakini sitamfanyia huyu nilivyofanyiwa mimi."

Ikabidi niende mimi. Kwa mama mkwe haendi mtu na neno lake mkononi. Nilichukua mkungu wa ndizi, nikazungumza mvua, nikazungumza mbuzi wa jirani, nikazungumza bei ya nazi.

"Parti," Mbah akasema, "unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga."

Nikamweleza yote, ya mjini na ya Bi Retno. Akasikiliza macho yapo kwenye ndizi.

"Ugonjwa gani huo hauna homa wala hauna dawa?"

"Si ugonjwa, mama. Ndivyo alivyoumbwa."

"Basi kama si ugonjwa, apige magoti. Wote tumeumbwa, na wote tumepiga."

Nilijisogeza kwenye benchi nimshike mkono, nimsihi. Aliinuka mara moja akaenda jikoni kuangalia maji ambayo hakuyabandika. Nikarudi nyumbani nimeshindwa, na usiku huo nilimgombeza Wardi bure.

Siku ya Idi tulitoka kuswali, tukavaa mapya, tukapanda kwa Mbah. Nyumba imejaa, harufu ya kuku wa nazi mpaka barabarani. Mbah kitini, mto mapajani. Wardi alitangulia kwa kuwa ndiye mkubwa, na mimi nikafuata, nikalia kama kawaida. Niliponyanyuka nikawaona kizingitini. Giyanto kavaa kofia mpya na kijasho kinamtoka. Lasmini kashika mkono wa gauni la Kinasih, si mkono wake.

"Wamekuja," Yanti akanong'ona nyuma yangu.

Lasmini alivuka kizingiti, akapiga magoti, akasogea. Kinasih akapiga magoti nyuma yake, macho kwenye kisogo cha mama yake, wakaja hivyo hivyo kwenye sakafu ile ndefu. Lakini hawakufika miguuni. Kabla ya kumfikia Mbah, mahali ambapo mkono haugusi, Lasmini akakomea hapo magotini, akaweka viganja vyake mapajani.

"Mama," akasema, na sauti haikuwa ya Yanti, ilikuwa kavu. "Kila Idi nimekuja hapo ulipo nikakushika, nikasema maneno. Kila nikikushika ngozi yangu inaniwaka. Sikukwambia, kwa sababu ulinifundisha nifanye kama wengine. Najua ulinifundisha ili watu wasinicheke. Lakini nimechoka, mama. Naomba radhi kwa kukudanganya. Nakupenda, na nimekaa hapa."

Kwetu binti hamwambii mama yake maneno hayo hata faraghani. Wardi alikohoa, nami nikamkanyaga.

Kinasih akasogea akawa sambamba na mama yake. "Mbah," akasema, "naomba radhi. Nilimwaga maji ya birika lako la samaki nikimtafuta chura, na samaki mmoja akafa, ukadhani ni paka. Mwaka jana nilipiga kelele ukaona aibu. Nilimng'ata mjomba, lakini yeye nitamwomba mwenyewe. Kukugusa magoti sitaweza. Hayo ndiyo makosa yangu, mengine siyajui."

Mbah alimtazama mjukuu wake. Mikono yake ilikuwa imeukamata ule mto mpaka foronya imejikunja. Nilikuwa karibu, niliuona mdomo wake ukifunguka, na nikajiandaa kwa neno la kutufukuza.

"Mimi mwenzako," akasema hatimaye, "nani aliniuliza mimi kama naweza?"

Hatukuelewa. Akaunyanyua mto akautazama, kama mtu anayetazama kitu cha zamani alichosahau kinatoka wapi.

"Nilipoolewa, ukoo wote ulinijia magotini siku moja. Vichwa, mikono, machozi. Nikaenda kutapika nyuma ya kisima. Idi iliyofuata nikashona huu." Akaupigapiga kidogo. "Mnasema Mbah ana huruma, anawawekea mto. Niliuweka ili msinifikie."

Mwanamke huyo, ambaye sijamwona analia hata siku ya kumzika mumewe, alifuta jicho kwa ncha ya mtandio, haraka. Kisha akamwambia Kinasih, "Umesamehewa samaki. Mama yako amesamehewa. Na yeye anisamehe mimi." Hayo ya mwisho aliyasema akitazama mlango, lakini yalisikika nyumba nzima. Akaurusha mto polepole, ukatua mbele ya mtoto. Kinasih akaukumbatia, akaunusa, akasema unanuka kabati.

Foleni nyuma yetu haikujua ifanye nini. Zamu ilikuwa ya Yanti, naye alikuwa tayari magotini, mikono mbele, machozi yameshajipanga, anasogea kwa ule upole wake uliofundisha kijiji kizima. Mbah akainua kiganja.

"Yanti, mwanangu. Hapo hapo panatosha."

Ndipo nikasikia sauti upande wangu, nzito, ya puani, kama mtu aliyepaliwa na maji, inakatika na kuanza tena. Nikageuka nimpige mgongo aliyepaliwa. Alikuwa Lasmini, mikono yote miwili mapajani, mdomo wazi, anacheka.